Muwa Uliokatwa Hausubiri: Tuandike Saa ya Kukata



Leo siandiki juu ya mbegu wala mbolea. Ninaandika juu ya kosa moja ambalo mimi mwenyewe, agronomu wenu, nililishiriki, na mama mmoja akaumia bila sababu. Ninaliandika ili lisirudie kwenu, na kisha niwaombe jambo moja ambalo ninaamini kila koperative ya miwa inapaswa kulifanya kabla ya msimu huu kuanza.

Msimu uliopita nilikuwa ninafuata koperative moja katika bonde la Ruzizi. Jina lake ninaliacha. Wako na mashine moja ya kukamua miwa, masufuria mawili makubwa, na muteja mmoja mjini anayenunua siro ya miwa. Kila memba analeta miwa yake, anaikamua kwa zamu, na maji yake yanamwangwa katika sufuria pamoja na ya wengine. Sekretari anaandika katika kaye: bido ngapi, na sukari ngapi kwa kile kifaa kidogo cha kuchungulia ndani, kile munachokijua. Memba analipwa kwa hesabu hizo mbili.

Siku moja maji yalitoka mashineni mazito, yanavutana sawa dongodongo. Wapishi waliyapika hivyo hivyo. Yalitoa povu nyingi, yakashika chini ya sufuria, na siro ikakuwa ya kunata na chungu kidogo. Muteja alirudisha bido 14. Ilikuwa hasara ya watu wengi, na watu wenye hasara wanatafuta mkosaji.

Mkosaji alipatikana haraka. Asubuhi ile aliyekamua wa kwanza alikuwa mama mmoja mjane. Wengine walisema ameweka uji wa muhogo katika bido zake ili ziwe nyingi. Wengine walisema dawa. Mimi niliitwa. Nikachukua tone la maji yake yaliyobaki, nikapima: 21. Nikasema mbele ya watu wote, "Miwa yake ilikuwa na sukari ya kutosha. Shida haitoki shambani."

Kumbe neno lile njo lilimmaliza. Kama shida haitoki shambani, basi inatoka mikononi mwake. Komite ikazuia feza yake yote ya msimu, na ilikuwa mwezi wa kulipa shule.

Baadaye nilipouliza vizuri, nilijua mambo ambayo nilipaswa kuuliza siku ya kwanza. Shamba la mama liko mbali na barabara, kamio haifiki. Alikata miwa yake siku aliyoambiwa, akaikata tena vipande vifupi ili iingie juu ya kinga, mtoto wake akaisukuma mpaka barabarani safari nyingi. Kamio ikaharibika. Miwa ikalala barabarani siku tatu, na mvua ilinyesha mara mbili. Hakuna mtu aliyeandika jambo hilo popote. Kaye yetu ilikuwa na nafasi ya bido na ya sukari. Haikuwa na nafasi ya saa.

Sasa niwaeleze kitu kilichotokea ndani ya ile miwa, kwa maana hapo njo jibu liko.

Sukari ya muwa inaitwa sukrozi. Ni sukari mbili ndogo zilizoshikana: glukozi na fruktozi. Juu ya ngozi ya muwa, katika udongo, katika matope ya panga na ya mashine, kuna mikrobe moja, jina lake la kisayansi ni Leuconostoc mesenteroides. Muwa ukiwa mzima umesimama, mikrobe hii haina mlango. Panga likipita, mlango umefunguka. Kila mahali ulipokata ni mlango mmoja. Muwa mrefu uko na milango miwili; ukiukata vipande vitano, kila kipande kiko na yake miwili, jumla ni kumi.

Mikrobe ile ikiingia katika utamu, inatoa nje ya mwili wake kifaa cha kazi. Kifaa hicho ni enzimu, ambayo vitabu vya shule vinaita kimeng'enya. Enzimu ni kitu kidogo sana kinachofanya kazi moja tu, na kuirudia mara nyingi sana bila yenyewe kuisha. Ile ya Leuconostoc inaitwa dekstransukrazi. Kazi yake ni hii: inakamata sukrozi, inaikata katikati, fruktozi inaiacha iende, na glukozi inaifunga nyuma ya glukozi nyingine. Kisha nyingine tena nyuma ya ile. Inafunga hivyo mpaka inakuwa mnyororo mrefu wa maelfu na maelfu ya glukozi. Mnyororo huo unaitwa dekstrani. Haina utamu wa sukari tuliyozoea na haigandi kama sukari. Ni utelezi. Ndiyo maana maji yalivutana sawa dongodongo.

Fruktozi iliyoachwa, mikrobe inaila, na maji yanaanza kuwa machungu. Kwa hiyo munapoteza mara mbili: sukari imegeuka utelezi, na iliyobaki imeanza kuchacha.

Jambo hili si geni na si la Kongo peke yetu. Mu mwaka 1861 Louis Pasteur, mtaalamu wa Ufaransa, alionyesha kwamba utelezi wa namna hii katika vinywaji unatoka kwa viumbe vidogo. Mwaka 1874 Mjerumani Scheibler aliupatia jina la dekstrani. Mwaka 1878 Van Tieghem akaipatia mikrobe yenyewe jina. Wakati ule wafanyakazi wa viwanda vya sukari vya Ulaya waliona utelezi huo katika mabomba yao, wakauita mayai ya chura, kwa vile ulivyofanana nayo. Mu mwaka 1941 mtaalamu Hehre alionyesha kwamba hata mikrobe yenyewe ikitolewa, enzimu yake peke yake inaendelea kutengeneza dekstrani.

Musikie vizuri jambo hilo la mwisho. Enzimu inafanya kazi nje ya mikrobe. Ukipika maji mapema, moto unaua mikrobe na unaharibu enzimu, kazi inasimama. Lakini dekstrani iliyokwisha kutengenezwa haiondoki kwa kupika. Itabaki katika siro, itaifanya nzito kabla ya wakati wake, na kama munapika sukari ya kugandisha, itakataa kuganda vizuri. Hakuna moto utakaorudisha sukari nyuma. Ni saa tu zinazoweza kuiokoa.

Tena musifikiri enzimu hii ni adui tu. Mu miaka ya 1940, kule Sweden, wataalamu Grönwall na Ingelman walichukua dekstrani, wakaisafisha, wakaipunguza urefu, ikawa maji ya kuwekewa mgonjwa aliyepoteza damu nyingi. Na ninyi munaofuga ngulube munaijua bila kujua. Ile sindano ya chuma, ya rangi ya kahawia, ambayo veterinari anawapiga watoto wa ngulube siku zao tatu za kwanza, mara nyingi ni chuma kilichofungwa pamoja na dekstrani. Mtoto wa ngulube anahitaji karibu miligramu 7 za chuma kila siku, na maziwa ya mama yake yanampa karibu 1 tu. Akifugwa juu ya simenti, hana udongo wa kuchimbua, anakosa damu. Dekstrani inakibeba kile chuma mpaka mwilini. Basi kitu kilichoharibu bido zetu 14 ni ndugu wa kitu kinachookoa vibwagala vyenu. Tofauti ni kwamba pale mtu ameiamuru enzimu ifanye kazi, na huku sisi tuliilalisha barabarani na sukari yetu, tukaiacha ifanye inavyotaka.

Sasa, kwa nini kifaa changu kilisema 21?

Kifaa kile hakipimi sukari peke yake. Kinapima vitu vyote vilivyoyeyuka ndani ya maji. Sukrozi kinaihesabu, glukozi na fruktozi kinazihesabu, dekstrani pia kinaihesabu. Sukari ikigeuka utelezi, namba haishuki sawa vile inavyopaswa kushuka. Tena muwa uliolala siku tatu umekauka, maji yake yamepungua, na namba inaweza hata kupanda! Mkulima anaona 21 anafurahi, na kumbe sukari yake inakwenda. Hata laboratwari za viwanda vikubwa zinadanganyika. Wao wanapima sukari kwa mwanga unaopita ndani ya maji, na dekstrani inaugeuza ule mwanga upande ule ule wa sukrozi, tena kwa nguvu karibu mara tatu. Hesabu inaonyesha sukari ambayo haiko.

Mimi nilijifunza mambo haya katika chuo cha agronomia. Nilikuwa nayo katika kaye yangu ya zamani. Lakini siku ile, mbele ya watu wenye hasira, niliamini namba, na sikumuuliza mama swali moja rahisi: ulikata lini?

Niliporudi katika mkutano wao, nilibeba vitu vitatu: unga wa muhogo uliopikwa kidogo na maji, bido ndogo ya maji ya miwa iliyolala siku tatu, ambayo niliikata mwenyewe katika shamba la presida, na kichupa cha tentiri ya yodi, ile ya kupaka vidonda. Maji ya miwa yalikuwa yanavutana kama yale ya siku ile. Presida aliona kwa macho yake kwamba muwa wake mwenyewe, ambao hakuna mtu aliuwekea kitu, umetoa utelezi ule ule.

Kisha nikaweka tone la yodi katika uji wa muhogo. Ukageuka bluu mpaka mweusi. Nikaweka tone katika maji ya miwa yenye utelezi. Yakabaki na rangi ya chai. Yodi inaonyesha unga, haionyeshi dekstrani. Sekretari alikuwa ameweka chupa moja ya maji ya yule mama kama ushahidi. Nikaomba chupa ile. Tone moja. Rangi ya chai.

Watu walinyamaza. Mzee mmoja alisema tu, "Basi tulimwibia." Feza yake ililipwa wiki iliyofuata. Lakini mtoto wake wa pili alikuwa amekwisha kukosa mitihani ya muhula ule, na hiyo hakuna komite inayoweza kuilipa.

Sasa maoni yangu. Ninayasema wazi, na asiyekubali anaweza kunijibu katika gazeti hili.

Kwanza: kila koperative ya miwa iongeze mstari mmoja katika bordero yake, siku na saa ya kukata. Jirani wa shamba atie sahihi. Bila mstari huo, kupima bido na kupima sukari ni nusu ya kazi. Muwa unapaswa kukamuliwa ndani ya saa 24, na usipite saa 48. Uliopita hapo uwekwe pembeni, usichanganywe na wa wengine. Bado una kazi: mupatie ng'ombe na ngulube, kama haujaota ukungu. Muwa mzee wa mtu mmoja unaweza kuharibu sufuria ya watu ishirini.

Pili, na hapa njo ninajua wengi hawatafurahi: saa ya kukata isiwe fimbo ya kumpiga mkulima peke yake. Iwe mkataba wa pande mbili. Mtu asikate bila karatasi ya zamu kutoka komite. Akikata bila karatasi, hasara ni yake. Lakini akikata siku aliyoambiwa, na kamio haikufika au mashine imekufa, hasara ni ya koperative nzima, na inagawanywa kwa wamemba wote. Leo mambo ni kinyume. Komite inapanga kamio, kamio inakosa, na mkulima njo analipa. Huo si ushirika. Ni kumwachia mnyonge mzigo wa makosa ya wenye kupanga.

Tatu: mashine ioshwe kwa maji ya moto asubuhi, katikati ya siku, na jioni. Ule utelezi unaoshika kwenye meno ya mashine na katika mfereji ni nyumba ya mikrobe. Inajificha ndani yake, na maji baridi hayaifikii. Ukikamua miwa mizuri juu ya mashine chafu, umeipandikizia mikrobe mwenyewe.

Nne: tukate miwa mirefu, tusiikate vipande vifupi bila lazima, tuilaze kivulini juu ya majani, isiguse matope. Tusichome shamba kabla ya kukata, kwa maana muwa uliochomwa unaharibika haraka zaidi. Anayebeba kwa kinga na hana njia nyingine, apewe zamu ya kukata asubuhi ile ile ya kukamua, si siku moja kabla.

Ninajua munayotaka kunijibu. Nimeyasikia katika mikutano.

Munasema: barabara zetu hazina uhakika, kamio ni moja. Ni kweli. Lakini barabara mbaya njo sababu ya kukata kidogo kidogo. Muwa ukiwa umesimama shambani unangoja wiki kadhaa bila hasara kubwa. Ukikatwa, hausubiri. Shamba ni gala letu lisilo na kodi. Kwa nini tunaitoa miwa katika gala kabla ya kusikia kamio inalia?

Munasema: wezi wanaiba miwa, ni afazali tuikate mapema. Ninaelewa. Lakini muwa unaolala barabarani siku tatu umeibiwa pia, hata kama uko mbele ya macho yenu. Mwizi huyu hana miguu, na haogopi mbwa. Ulinzi wa mashamba kwa zamu, koperative inaweza kuupanga. Kuilinda miwa iliyokatwa dhidi ya enzimu, hakuna mlinzi anayeweza.

Munasema: watu wataandika saa za uongo. Wengine watajaribu. Lakini muwa wenyewe unasema. Mutazame mahali ulipokatwa: ukiwa mpya, ni mweupe na wenye maji, ukiwa mzee, umekauka, umekuwa mwekundu au kahawia. Muunuse: uchungu wa kuchacha haufichiki. Mupake maji yake katikati ya vidole viwili, muvifungue: yakivutana, musiyamwange katika sufuria ya wote. Hii haiombi laboratwari.

Na munasema: mbona zamani hatukuandika saa, na tulipika vizuri? Zamani kila mtu alikata miwa yake, akaikamua nyumbani siku ile ile. Tangu tuwe na mashine moja kwa watu mia, muwa umeanza kusafiri na kungoja. Katika bonde letu kuna wazee waliofanya kazi katika kiwanda cha sukari cha Kiliba. Muwaulize. Watawaambia jambo ambalo kila mtu wa kiwanda cha sukari anajua: kukata na kukamua ni kazi moja, si kazi mbili.

Ninamaliza na ombi. Katika mkutano mkuu unaokuja, kabla ya kuzungumza juu ya bei, muweke mambo mawili tu mezani: mstari wa saa katika bordero, na kanuni ya kugawana hasara wakati kamio imekosa. Mupige kura. Kama munakubali la kwanza na kukataa la pili, mutakuwa mumetengeneza njia mpya ya kumlaumu mnyonge kwa karatasi. Ni lazima yaende pamoja.

Na maji yakija yanavutana tena siku moja, musitafute mchawi. Muulize swali ambalo mimi sikuuliza: ulikata lini, na nani alichelewa?